Gitaa la besi huchaguliwa kwa mkono na sikio, rangi baadaye

Kijana akisema nyumbani kwamba anataka gitaa la besi, swali la kwanza huwa bei. La pili huwa rangi, na hapo ndipo mambo huharibika. Mtoto keshaona picha kwenye simu: gitaa jeusi lenye pembe kali, au la buluu linalometameta. Mzee naye anataka kumfurahisha, basi anaagiza hilo hilo. Likifika, siku tatu za mwanzo ni shangwe. Linapigwa picha, binamu wanaitwa kuliona, linasimamishwa pembeni majlisi. Mwezi wa tatu lina vumbi, na wazee washatoa hukumu: "Si tulisema? Huyu hana moyo wa muziki."

Mimi hukumu hiyo siikubali. Mara nyingi moyo mtoto anao. Alichokosa ni chombo kinachomkaa mkononi. Riyali mia, hapa Mabela, si pesa ya kuchezea. Ina kazi nyingi: mafuta, ada, harusi za jamaa zisizokwisha. Na kijana akishakata tamaa mara moja, kumrudisha ni taabu. Kwa hiyo mambo haya tuyaseme kabla ya kulipa.

Najua zipo nyumba ambazo vyombo vya muziki havingii kabisa, na sababu zao za dini zinajulikana. Leo sibishani nao. Nazungumza na zile ambazo ruhusa ishatoka na kilichobaki ni kununua.

Kwanza tukumbuke besi inafanya kazi gani. Sisi tulio na asili ya Unguja masikio yetu yamelelewa na taarabu. Katika vikundi vikubwa kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, au Culture Musical Club, macho ya watu huwa kwa mwimbaji, kisha kwa fidla, kanuni na udi. Nyuma huko kuna besi kubwa ya kusimama, ndefu kama mtu mzima. Nani umemuona akiinuka kwenda kumtuza mpiga besi? Lakini iondoe ile besi uone. Wimbo wote unakuwa mwepesi, dumbaki inabaki inahangaika peke yake, na mwimbaji anakosa pa kukanyaga. Ilipokuja taarabu ya kisasa, hii ya rusha roho, kazi ile ile ikakabidhiwa gitaa la besi la umeme. Chombo kimebadilika umbo, kazi haijabadilika: kubeba wenzake.

Kwenye okestra pia utaona hivyo. Okestra ya Kifalme ya Oman, iliyoanzishwa mwaka 1985 kwa amri ya Sultan Qaboos, ina safu ya besi za kusimama, na zote ni za rangi ya mbao tu. Aliye mbali hazitofautishi. Anayezipiga huzijua kwa sauti na kwa mkono.

Na gitaa la besi lenyewe lilizaliwa kwa sababu za kazi. Leo Fender alikuwa fundi wa redio kule California, na gitaa hata kulipiga hakujua. Aliona wapiga besi wanateseka: chombo kikubwa kama kabati, hakiingii garini, na jukwaani sauti yake inamezwa na ngoma na tarumbeta. Mwaka 1951 akatoa Precision Bass, gitaa la kuvaa begani, la umeme, lenye vile vijichuma vinavyokata shingo ili kidole kikibonyeza kipate noti iliyo sawasawa. Jina lake limetoka hapo. Mwaka 1960 akaongeza Jazz Bass, ambalo shingo yake karibu na kichwa ina upana wa milimita 38, wakati Precision za mwanzo zilikuwa na milimita 44 hivi. Utasema, milimita sita ni kitu gani? Muulize kijana wa miaka kumi na mbili anayejaribu kuufikia uzi mnene kwa kidole kifupi. Kwake yeye, milimita sita ndiyo tofauti ya kufanya mazoezi saa nzima na kukiweka chombo chini baada ya dakika kumi.

Basi mkono uangaliwe kwanza. Gitaa la besi la kawaida lina kilo nne hivi, na mengine huzidi. Mvishe kijana mkanda, asimame nalo robo saa. Ukiona anaanza kuinamisha bega, halimfai, hata liwe zuri namna gani. Kisha aachie mikono. Kichwa cha gitaa kikidondoka chini chenyewe, ujue mkono wa kushoto utakuwa na kazi mbili, kubonyeza nyuzi na kushikilia shingo, na huo ndio mwanzo wa maumivu ya kiwiko. Magitaa mengi ya maumbo ya ajabu, yale yenye pembe kama nyota, yana ila hii, kwa sababu aliyeyachora aliwafikiria wanaotazama.

Pili ni urefu. Uzi wa besi ya kawaida, kutoka kichwani hadi kwenye daraja, ni inchi 34, yaani sentimita 86. Zipo fupi za inchi 30, kama sentimita 76. Madukani wengine huziita za watoto, na vijana huona haya kuzishika. Waambie kwamba Paul McCartney wa Beatles kapiga besi fupi miaka na miaka, na hakuna aliyemwita mtoto. Kwa mwenye mkono mdogo, mvulana au binti, besi fupi ni akili.

Tatu, nyuzi zisikae juu sana ya shingo. Zikikaa juu, kila noti ni mieleka. Jambo hili fundi anaweza kulirekebisha kwa muda mfupi, kwa hiyo muulize muuzaji kama gitaa limepita mikononi mwa fundi au limetoka kwenye boksi kama lilivyo.

Baada ya mkono ni sikio. Kijana anataka kupiga nini? Akipenda taarabu, au nyimbo za taratibu, atapenda sauti ya mviringo iliyotulia, inayokaribia ile besi ya kusimama. Sauti hiyo hupatikana kwa nyuzi zilizo laini ukizipapasa. Akipenda muziki wa sasa wa Bongo au wa vijana wa Marekani, huenda akataka sauti kali yenye ncha, na hizo ni nyuzi zenye mikwaruzo. Kubadilisha nyuzi ni rahisi na ni nafuu mno kuliko kubadilisha gitaa. Mara ngapi mtu kauza gitaa zima, kumbe alichochoka nacho ni nyuzi?

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi khasa. Nyimbo zetu za maqamu, kama Rast na Bayati, zina robo toni, noti inayokaa katikati ya noti mbili za piano. Mpiga udi haipati shida, kwa sababu shingo ya udi haina vijichuma. Kidole hutua kinapotaka. Hata vinanda vya Kiarabu vimewekewa vitufe vya robo toni. Lakini gitaa la besi lenye vijichuma halina noti hiyo. Mpiga besi mwenye busara huikwepa, akabaki kwenye noti za msingi, na mambo yakaenda. Yapo pia magitaa ya besi yasiyo na vijichuma, ambayo sauti yake ina ule mlio wa kuteleza wa besi kubwa. Kijana aliyekwisha kupiga udi au fidla kidogo anaweza kulimudu. Anayeanza mwanzo kabisa asikimbilie huko, maana sikio lake bado halijui noti iko wapi. Kwa vyovyote, jambo kama hili huwezi kulijua kwa kutazama rangi.

Nyuzi tano au nne? Wapo wanaoona tano ni ukubwa. Uzi wa tano unaongeza noti nzito chini, na unaongeza upana wa shingo na uzito. Asiyeijua kazi yake bado, nne zinamtosha. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya Motown ya Detroit miaka ya 1960, alitumia Precision ya nyuzi nne, akizipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na nyuzi zenyewe alikuwa hazibadilishi ila mara chache sana. Wapiga besi wa leo bado wanazisoma kazi zake.

Sasa tuje kwenye pesa. Riyali yetu inakwenda kwa dola 2.60 hivi, kwa hivyo gitaa unaloliona mtandaoni kwa dola 230 ni kama riyali 88, bado usafiri. Mzee mwenye riyali 150 asizimalize zote kwenye gitaa. Besi ya umeme bila spika yake ni kama gari bila magurudumu. Utasikia nyuzi zinagonga tu. Tenga pesa ya spika ndogo yenye tundu la hedifoni, na hedifoni zenyewe, kwa sababu sauti ya besi hupita ukuta na majirani nao wana haki yao. Tenga ya mkanda mpana usiokata bega, na ya fundi. Kukaza nyuzi, programu ya bure kwenye simu inatosha. Gitaa la riyali 80 lililotengenezwa vizuri na fundi linampeleka kijana mbali kuliko la riyali 150 lililotoka kwenye boksi likaingia majlisi.

Usisahau na hali ya hewa. Shingo ya gitaa ni mbao, na mbao za Mabela zinaishi maisha ya taabu: nje joto la kiangazi mara nyingi hupita nyuzijoto 40, ndani eyakondishani inakausha hewa usiku na mchana. Shingo hupinda. Ndani yake kuna fimbo ya chuma ya kuirudisha, lakini hiyo huzungushwa kidogo kidogo na anayejua. Gitaa lisiachwe kwenye gari adhuhuri, hata dakika za kuswali. Lisiegemezwe mbele ya mdomo wa eyakondishani. Na hapa gitaa la kawaida lina faida yake: kijana halionei huruma. Analibeba kwa mwalimu, kwa rafiki, kwa ami yake, na chombo kinachobebwa ndicho kinachopigwa.

Nasikia mtu ananijibu: "Yakhe, mtoto asipopenda sura yake hatalishika." Kweli. Hili silipingi. McCartney mwenyewe, alipoinunua Höfner yake mjini Hamburg mwaka 1961 kwa pauni 30 hivi, alieleza baadaye kwamba ilikuwa rahisi, na kwamba kwa kuwa mwili wake umelingana pande zote mbili, mtu wa mkono wa kushoto kama yeye akiigeuza haionekani kituko. Sura ilikuwamo kwenye hesabu. Lakini ilikuja pamoja na bei na mkono, haikuzitangulia. Wauza duka wana methali yao, kizuri chajiuza. Wazee wetu walikuwa na nyingine: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Ninachopendekeza kina utaratibu wake. Usiagize kwa picha ikiwa unaweza kwenda. Mkienda Dubai kwa jamaa, au mkishuka mjini siku ya mapumziko, mchukueni kijana mwenyewe, na mwalimu wake akiweza. Ajaribu magitaa matatu kwa dakika kumi kila moja, akiwa amekaa na akiwa amesimama, apige noti zile zile nne. Kisha afumbe macho, mzee umkabidhi moja moja bila kumwambia lipi ni lipi, akwambie lipi limemkaa. Kama mtoto wako anatumia mkono wa kushoto, sema mapema, maana hayo ni machache na huagizwa. Likipatikana la mtumba kutoka kwa mtu aliyelitunza, msilidharau kwa mikwaruzo. Tazameni shingo kama imenyooka, sikilizeni kama kila noti inatoka bila kukereketa.

Mkishapata mawili yanayomfaa mkononi na sikioni, hapo mwachie achague rangi aitakayo, nawe usimwingilie. Hiyo ni haki yake, na ndiyo furaha itakayomfanya alitoe kwenye mfuko wake kesho yake asubuhi. Baada ya miezi mitatu nenda kasikilize mlangoni kwake.