Watu wa London na Usiku wa Mabomu

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1940, mamia ya ndege za Kijerumani ziliufuata mto Thames mpaka London, zikaangusha mabomu juu ya bandari na mitaa ya mashariki ya mji. Bohari za sukari, mbao na mpira ziliwaka moto, na giza lilipoingia ndege nyingine zilikuja zikiongozwa na mwanga wa moto ule ule. Watu wapatao 430 walikufa siku ile. Tangu hapo mji ulipigwa usiku 57 mfululizo, na mashambulio makubwa hayakukoma mpaka mwezi wa Mei 1941. Katika Uingereza nzima raia zaidi ya 40,000 walipoteza maisha yao, na karibu nusu yao walikuwa watu wa London.

Walioumia kwanza walikuwa maskini wa Stepney, West Ham na Poplar: makuli wa bandari, mafundi wa kushona nguo na jamaa zao, waliokaa katika nyumba zilizobanana. Serikali ilikuwa imegawa mahandaki ya mabati ya kufukiwa bustanini. Lakini mtu asiye na bustani angelifukia wapi? Tena wakuu walikuwa wamejitayarisha kwa maiti wengi mno, hata wakaweka akiba ya majeneza. Hawakufikiri sana juu ya mtu atakayetoka salama kifusini asubuhi, hana nyumba, hana nguo, hana pa kupikia chai.

Matokeo ya upungufu huo yalionekana upesi katika mtaa wa Canning Town. Watu waliovunjikiwa nyumba walipelekwa katika shule ya South Hallsville, wakaambiwa wangoje motokaa za kuwachukua mahali pa salama. Wakangoja Jumapili, motokaa hazikuja. Wakangoja Jumatatu, hazikuja. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Septemba, bomu liliipiga shule ile, nao wangali humo pamoja na watoto wao. Hesabu iliyotolewa na wakuu ilikuwa watu 77, lakini wenyeji wa mtaa ule hawakuikubali kamwe. Waliamini kwamba waliokufa ni wengi zaidi sana.

Khabari kama hizo ziliwafundisha watu kwamba kungoja peke yake si salama. Mji wa London una reli ipitayo chini kabisa ya ardhi, nayo serikali ilikuwa imekataza stesheni zake zisitumiwe kuwa maficho, kwa kuwa magari yalitakiwa kuchukua watu na askari, na kwa kuogopa kwamba watakaoingia huko hawatataka kutoka tena. Watu hawakufanya ghasia. Walinunua tikiti za bei ndogo kama wasafiri wengine, wakashuka na blanketi na watoto, kisha hawakupanda gari. Mwishoni mwa mwezi ule walihesabiwa watu 177,000 waliolala huko katika usiku mmoja. Serikali ilipoona hivyo ilibadili shauri lake, ikaleta vitanda, vyoo, wauguzi na magari ya chakula. Hata hivyo, wengi zaidi hawakushuka katika reli wala handaki lolote. Walibaki majumbani mwao, wakilala chini ya ngazi au meza.

Katika mtaa wa Spitalfields, chini ya soko la matunda na sufu, maelfu ya watu walijaa kila usiku katika ghala lisilo na vyoo vya kutosha wala hewa safi. Hapo alitokea Mickey Davies, fundi wa miwani, mtu mfupi sana ambaye kimo chake kilizidi futi tatu kwa inchi chache tu. Hakutumwa na ofisi yo yote. Aliita watu wakae kikao, wakaunda halmashauri, wakagawana kazi za kufagia, kutunza wagonjwa na kuweka utaratibu wa mahali pa kulala. Walifungua duka la chai, na faida yake ikanunua maziwa ya watoto. Watu walimchagua yeye awe mkuu wao, wakamtii kwa sababu walimwona kila usiku akifanya kazi miongoni mwao.

Wala mtu asidhani kwamba wote walikuwa malaika. Walikuwako walioiba katika nyumba zilizobomoka, na walioshika nafasi mapema stesheni ili wawauzie wenzao. Tena dhiki huleta ubaguzi. Jambo hili lilimfika Bwana E. I. Ekpenyon, Mnaijeria aliyekwenda London kusoma sheria, na vita vilipoanza akajitolea kuwa mlinzi wa mashambulio ya ndege katika mtaa wa St Marylebone. Katika maficho mamoja aliyoyasimamia, wengine walitaka wageni wafukuzwe warudi kwao. Bwana Ekpenyon aliwaeleza wazi kwamba mahali pale ni pa watu wote, na asiyeweza kukaa na wenzake kwa upole na atafute mahali pengine. Wakatulia. Khabari zake alizieleza katika kitabu kidogo kilichopigwa chapa mwaka 1943. Basi umoja haukushuka wenyewe kama mvua. Ulijengwa kwa maneno ya mtu aliyethubutu kusema.

Walinzi kama yeye walikuwa maelfu, wanaume kwa wanawake, na walio wengi hawakulipwa mshahara. Kazi yao iliyookoa roho nyingi haikuwa ya ajabu. Mlinzi alipaswa kujua katika kila nyumba ya mtaa wake ni nani aliyelala humo, na katika chumba gani. Nyumba ilipoanguka usiku, wachimbaji walimuuliza yeye kwanza: wangapi wamo, nao wako upande gani? Akiwaonyesha, walichimba hapo. Asipojua, saa zilipotea kwa kuchimba mahali pasipo na mtu, na sauti iliyokuwa ikiita chini ya matofali ikanyamaza.

Hapo ndipo lipo fundisho kwa kila nchi na kila kijiji, hata pasipo na vita. Mafuriko, moto na njaa havingoji barua ijibiwe. Serikali ina fedha, ina motokaa na ina madaktari, na msaada wake hauna badala; London isingaliweza kuokoka bila wazima moto na hospitali zake. Lakini ofisi haijui kwamba bibi kizee wa nyumba ya tatu haoni vizuri, wala kwamba mama wa nyumba ya tano amejifungua juzi. Jirani anajua. Kidole kimoja hakivunji chawa; na vidole hukutana vyema siku ya shida vikiwa vimezoea kukutana siku za amani. Kwa hiyo mtu ajiulize leo, kabla ya msiba: nyumba ya jirani yangu ikianguka usiku huu, naweza kuwaonyesha wachimbaji mahali pa kuchimba?