Usugu wa TB si mzigo wa mgonjwa peke yake

Mwaka 1948 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya majaribio ya streptomaisini. Wagonjwa 55 wa kifua kikuu (TB) walichomwa sindano za dawa hiyo mpya. Wengine 52 walipumzishwa tu kitandani, maana dawa yenyewe ilikuwa haba. Miezi 6 baadaye, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza watu 4, la pili 14. Shangwe haikudumu. Wengi waliokwisha kupata nafuu wakaanza kuzidiwa tena, na sindano ile ile haikuwasaidia kitu.

Miongoni mwa wataalamu wa maabara walioufuatilia mkasa huo alikuwa Denis Mitchison, kijana ambaye hakujua kwamba angeendelea na utafiti wa TB hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 98.

Hesabu ya usugu haina uchawi. Katika pafu lililotoboka huweza kuishi bakteria milioni 100 au zaidi. Kwa dawa kama isoniazidi, karibu mmoja katika kila milioni amezaliwa sugu hata kabla mgonjwa hajameza kidonge. Ukimpa mgonjwa dawa hiyo peke yake, unawaua wengi na kuwaachia uwanja wale wachache wazaliane. Ukichanganya dawa mbili, anayeiponyoka ya kwanza huuawa na ya pili. Ndiyo maana leo mgonjwa hupewa vidonge vyenye dawa nne ndani ya kimoja, na asubuhi ya kwanza anashtuka kuona mkojo umegeuka rangi ya chungwa. Ni kazi ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo nne. Kama mhudumu hakumwambia mapema, anaweza kudhani anakojoa damu na kuacha dawa.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii, japo shuleni haitajwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyoendeshwa pamoja na Waingereza, Mitchison akisimamia uchunguzi wa bakteria. Wakati huo tiba ilichukua miezi 18. Majaribio yakaonyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye mchanganyiko, miezi 6 inatosha, na wanaorudiwa na ugonjwa ni wachache. Dunia nzima inatumia matunda ya makohozi ya watu hao.

Kwa historia hiyo, inakera kusikia usugu ukielezwa kana kwamba ni ukaidi wa wagonjwa tu. Ni kweli wapo wanaoacha dawa wakishapata nafuu mwezi wa pili. Lakini muulize anayelipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, anayefika na kuambiwa dawa zimekwisha apite wiki ijayo, au anayemeza vidonge vikali tumbo likiwa tupu. Zaidi ya hayo, wako wengi ambao hawajawahi kukatiza dozi hata moja: wameambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu, ndani ya daladala au chumba cha kupanga kisicho na dirisha. Hao tuwalaumu kwa lipi?

Vifaa vipo. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda usiozidi saa 2 na kuonyesha kama rifampisini bado inafanya kazi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya miezi 6 ya vidonge kwa wagonjwa wengi wenye usugu, badala ya ile ya zamani iliyokwenda hadi miezi 20 na sindano zilizowaacha baadhi yao viziwi. Tanzania ina hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, yenye uzoefu wa miaka mingi na wagonjwa hawa.

Pamoja na hayo, kati ya watu takriban 400,000 waliokadiriwa kupata TB sugu duniani mwaka 2023, chini ya nusu walifikiwa na matibabu.

Wabunge wanapopitisha bajeti ya afya, waulize maswali mawili tu: ni wilaya ngapi ziliishiwa dawa za TB mwaka uliopita, na ni mashine ngapi za GeneXpert zimekaa bila katriji za kupimia. Majibu yatangazwe hadharani, wilaya kwa wilaya.