Nishati Safi ya Kupikia. Na ya Kuotea Je?

Sisi wapenzi wa vitabu tuna tabia ya kutafuta maneno ambayo mwandishi ameyaacha nje. Leo naomba tuusome hivyohivyo msemo wa serikali: nishati safi ya kupikia. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wenye jina hilo, wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo ifikapo mwisho wa mkakati. Sina ugomvi na lengo. Misitu inaisha, akina mama wanavuta moshi, hilo halina mjadala. Ugomvi wangu ni na neno la mwisho. Kupikia. Aliyeliweka pale peke yake hajawahi kulala Momela mwezi wa saba.

Kwa msiopajua, Momela ni upande wa mashariki wa Mlima Meru, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wengi mnapajua kwa maziwa yake na flamingo, au kwa filamu ya Hatari! ya 1962, John Wayne akikimbiza faru kwenye vumbi. Filamu ile ilituonyesha jua na vumbi. Ukungu wa Julai unaoshuka kutoka mlimani, na bati lisilo na dari likidondosha maji juu ya kitanda, haukuingia kwenye kamera. Hata Arusha mjini, palipo chini kidogo, usiku wa majira hayo hushuka hadi nyuzi 12 au 13 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa 2018, linapendekeza ndani ya nyumba kusipungue nyuzi 18 kwa sehemu zenye majira ya baridi. Lakini sisi tumefundishwa darasani kwamba Tanzania ni nchi ya joto, basi. Baridi yetu haipo kwenye karatasi.

Sasa litazame jiko. Kwa Kiswahili jiko ni chumba, ni chombo, na kwa wenye utani ni mke. Huku mlimani jiko la mkaa likishaivisha makande halizimwi. Linabebwa linaingizwa ndani, watu wanalizunguka, watoto wananyoosha mikono. Ukimpa mama jiko la gesi, umempa nusu ya jiko. Gesi inaivisha, anazima, nyumba inabaki na baridi yake. Halafu afisa anakuja kukagua, anakuta mtungi umefunikwa kitambaa cha kudarizi na gunia la mkaa limeegemea ukuta wa nyuma, anaandika kwamba wananchi ni wagumu kubadilika. Wagumu? Wanaona baridi, bwana.

Na wakati huohuo mjini nimeanza kuona matangazo ya "nyumba janja", taa na joto la chumba unaviendesha kwa simu. Themostati janja! Hiki ni kidude cha ukutani kinachopima joto la chumba, kinalinganisha na lile unalolitaka, kisha kinawasha au kuzima mtambo wa kupasha joto. Kile janja kinajifunza saa zako za kuamka na kulala. Nest walitoa cha kwao 2011, na 2014 Google wakainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3.2. Ni kitu kizuri, sikidharau. Ila kinadhibiti mtambo, na mtambo wenyewe hatuna. Tuseme basi umenunua hita ya umeme ya wati 2,000. Iwashe saa tano kwa usiku, umekula uniti 10. Kundi la wateja wadogo wa TANESCO mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Usiku wa nane tu umeshatoka kwenye bei ya mnyonge, na bado hujawasha hata taa.

Asili ya themostati ya umeme inanifurahisha. Warren Johnson alikuwa mwalimu huko Whitewater, Wisconsin, Marekani. Mhudumu wa chuo alikuwa akiingia darasani kila mara kuangalia kama joto limezidi au limepungua, kisha anashuka kwenye tanuru kulirekebisha. Johnson akachoka kukatizwa masomo, akabuni chombo cha kupeleka taarifa kule chini, na 1883 akapata hataza.

Nikiisoma hadithi hiyo namwona bibi yangu. Yeye ndiye yule mhudumu. Mkaa ukikolea anaufukia majivu, hewa ikiwa nzito anaacha mlango wazi upana wa kiganja, watoto wakianza kujikunyata anachokonoa jiko. Anafanya hivyo mpaka usingizi umchukue. Na hapo ndipo penye kifo, kwa sababu mkaa hausinzii. Ukiungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kuni zingemtoa machozi akafungua dirisha. Mkaa hauna moshi, ndiyo maana ukakaribishwa chumbani.

Habari za namna hii tunaziandika kila msimu wa baridi, sisi waandishi. Familia yakutwa imekufa, jiko la mkaa lakutwa chumbani, kamanda wa polisi atoa wito kwa wananchi waache uzembe. Onyo ni sahihi kabisa. Lakini sioni mhariri anayeuliza aya inayofuata: je, walale na nini?

Majibu yapo, tena karibu. Kuna hoteli za kitalii kuzunguka hifadhi ambazo mgeni huwekewa mahali pa kuotea moto chumbani, na dohani ya kutoa moshi na gesi nje. Fundi aliyeijenga ni wa hapahapa, na anayewasha moto ule jioni akimaliza zamu anarudi kwake kwenye bati tupu. Nyumba za zamani za Wameru, kama za Wachagga jirani zetu, ziliezekwa kwa majani na zilitunza joto. Tukapanda daraja hadi kwenye bati bila dari, tukaita maendeleo.

Mtu ataniuliza, haya yanahusu nini fasihi? Yanatuhusu sana. Ni sisi tunaoandika kila mwaka kwamba fasihi simulizi ilizaliwa motoni, bibi akisema paukwa, wajukuu wakijibu pakawa. Tumeugeuza ule moto pambo. Kwa maeneo kama yetu watoto walikaa pale kwanza kwa sababu ya baridi, hadithi ikafuata. Afisa wa mkakati ameuona moto akaona sufuria, sisi tumeuona tukaona ngano.

Kwa hiyo ninachodai ni maneno mawili kwenye msemo ule: na kuotea. Yakiingia, yaje na fungu lake. Ruzuku ya dari kama ilivyo ruzuku ya mtungi, dohani kwenye ramani za nyumba za wilaya za baridi, Meru, Rungwe, Makete, Lushoto, na mabweni ya shule yawe ya kwanza. Themostati tutazungumza baadaye.