LUKU inakata kodi ya jengo, inashindwa nini kukopesha paa?

Wadau, leo sina picha za harusi wala za mnuso. Leo nina hasira, na hasira yenyewe imetoka juu ya bati.

Ninapopanga mimi ni Kunduchi Mtongani. Nyumba ya vyumba sita, choo cha pamoja, mita moja ya LUKU. Bati juu, dari hakuna. Anayeijua Dar ya Januari ananielewa: saa nane mchana ndani hakukaliki, na saa nne usiku kuta za tofali bado zinatema joto la mchana. Kwa hiyo kila chumba kina feni na kila feni inazunguka mpaka alfajiri. Halafu kila baada ya siku mbili tatu unasikia hodi: "Kaka, luku imebaki uniti nne, toa elfu mbili." Nani katumia nini, hapo ndipo ugomvi unapoanza. Dada wa chumba cha mbele anauza barafu, basi lawama zote kwake, hata mwezi ambao friji yake ilikuwa kwa fundi!

Naomba tupige hesabu kidogo, mnivumilie. Feni ya kawaida inakula wati 75 hivi. Kwa saa 10 ni uniti 0.75, kwa mwezi uniti 22.5. Vyumba sita, uniti 135, na hapo hujawasha hata taa. Sasa, kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi ananunua kwa shilingi 100. Mwenye kuzidi anawekwa kundi la kawaida, shilingi 292, na ukiweka VAT pamoja na tozo za REA na EWURA unakaribia 356. Mmeuona mtego? Familia sita za kipato cha chini zikichangia mita moja zinahesabiwa kama bwana mkubwa mmoja. Ule unafuu uliowekwa kwa ajili yao haufiki kwao.

Tiba ya nyumba kama hii si maajabu ya kisayansi. Bati lililokwanguliwa kutu na kupakwa rangi nyeupe linarudisha jua lilikotoka badala ya kulishusha chumbani. Matundu ya hewa chini ya paa yanatoa joto lililonasa. Baadaye dari. (Na jamani, hii fasheni ya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma nani alituletea pwani? Dirisha zima unalipia, nusu tu ndiyo inafunguka. Wazee waliojenga vibaraza na madirisha ya kupanua kuta mbili zinazotazamana walikuwa na akili kutuzidi.)

Fundi wa hapa mtaani aliniambia kazi ya rangi na matundu kwa paa letu ni laki sita. Nikamwendea mwenye nyumba. Akacheka. "Mimi sinunui luku, mnanunua nyie." Ukweli ndio huo. Anayemiliki paa hasikii joto, na anayesikia joto hamiliki paa. Nikaenda benki moja, siitaji. Kijana wa mikopo, mpole kweli, akaniuliza: hati ya nyumba iko wapi? Eneo letu halijapimwa, nikamweleza kuhusu leseni ya makazi, zile zilizoanza kutolewa Dar miaka ya 2000. Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Tukaishia hapo.

Hapo ndipo wakubwa huwa wanatuambia hela hakuna. Mimi nakataa. Mwaka 2023 benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya kijani, Kijani Bond, ikiomba shilingi bilioni 40. Wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 171! Mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga ikauza hatifungani yake ya kijani, nayo ikapata zaidi ya ilichoomba. Watu wana hela na wanatafuta pa kuziweka. Kinachokosekana ni bomba la kuzishusha mpaka Mtongani, kwenye deni dogo la laki sita la mtu asiye na hati.

Na bomba lipo. Liko ukutani kwako, lina namba tarakimu kumi na moja. Mwaka 2021 serikali ilipotaka kodi ya majengo haikuuliza hati wala haikutuma mtu na daftari. Iliweka ndani ya LUKU shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa 1,500. Tukalalamika kwamba wapangaji tunalipia kodi ya mwenye nyumba, tukaambiwa tukamalizane naye kwenye pango. Tumezoea. Sasa mita inayoweza kuchukua kila mwezi inashindwaje kutoa mara moja na kujirudishia kidogo kidogo?

Hili si wazo langu. Tunisia walianza mwaka 2005 na mpango unaoitwa PROSOL, wa mitambo ya kuchemsha maji kwa jua. Serikali ilitoa ruzuku, benki zikakopesha, na shirika la umeme, STEG, likakusanya marejesho kwenye bili kwa miaka mitano. Benki zikaacha kuogopa, kwa sababu anayekusanya ni yule mwenye uwezo wa kukukatia umeme. Waingereza nao walijaribu mwaka 2013 kwa mpango wa Green Deal, mkopo wa kukarabati nyumba unaolipwa kwenye bili ya umeme. Ulikufa 2015. Riba ilikuwa juu ya 7 kwa mia, watu wakaona haiwalipi, nyumba zilizojiunga zikawa kama 14,000 tu.

Kwa hiyo siri iko kwenye riba. Rudi kwenye paa letu. Tuseme feni zimepungua kutoka saa 10 hadi 6. Tunaokoa uniti 54 kwa mwezi, sawa na shilingi 19,224. Laki sita kwa miaka mitatu, kwa riba ya soko ya 17 kwa mia, ni marejesho ya kama 21,400 kwa mwezi. Tumepata hasara. Kwa riba ya 6 kwa mia ni kama 18,250. Tumepata nafuu tangu mwezi wa kwanza. Tofauti ya hizo mbili ni shilingi 3,150 hivi, yaani karibu sawa na kodi ya majengo ambayo nyumba mbili zinakatwa kwenye LUKU kila mwezi. Nyumba mbili tu! Serikali ifidie riba, benki zilete mtaji, TANESCO ikusanye, na mkataba umzuie mwenye nyumba kupandisha kodi mpaka deni liishe. La mwisho hilo wasilisahau, wenye nyumba wa Dar nawajua.

Mtasema fedha ya umma ni ngumu kupatikana. Hapo jirani yetu Tegeta kuna mtambo wa IPTL, megawati 100, ambao TANESCO ilikuwa ikiulipia gharama za kuwepo tu, uwashwe usiwashwe. Ndio uliotuletea ile akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotolewa zaidi ya shilingi bilioni 300 na kulitikisa bunge mwaka 2014. Gawanya kwa laki sita. Ni mapaa 500,000.

Jumapili nilimwonyesha mwenye nyumba hesabu hii kwenye karatasi. Akaisoma mara mbili. "Wewe mwandishi, ukihama deni namwachiwa nani?" Nikamwambia, mzee, deni linakaa kwenye mita, mimi naondoka na godoro langu tu. Akanyamaza, akaikunja, akaitia mfukoni.

Nimetoa kopi nyingine tatu. Moja naipeleka TANESCO, moja EWURA, moja Wizara ya Fedha. Watakachonijibu nitawaletea hapahapa.