Diski Nyingi Si Mbadala wa Nakala Rudufu

Viingilio vya Hifadhi ya Ngorongoro hulipwa kwa kumbukumbu namba, na halmashauri, ikiwemo ya Karatu, hutegemea mifumo ya kompyuta. Kuharibika kwa seva, kwa hiyo, humgusa mwananchi moja kwa moja.

Seva hupangiwa diski kadhaa ili moja ikiharibika huduma iendelee. Mpangilio huo hauzuii moto wala taarifa kufutwa kimakosa. Diski zikifeli, fundi husitisha matumizi yake, huzinakili zilivyo, kisha hutafuta taarifa ndani ya nakala hiyo.

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya kusimamia mifumo ya umma. Kinga ya uhakika hubaki nakala rudufu iliyohifadhiwa mbali na seva, ambayo urejeshaji wake umekwishajaribiwa.