Lifti Tupeane, Mafuta Tuchange

Kila bei ya mafuta ikipanda hapa Houston, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za mabango ya bei. "Jamani, kuna kituo huku kimepunguza senti 5!" Na watu wanawasha magari wanakifuata. Mimi naona tunajisumbua bure. Hela ya mafuta inaokolewa kwenye mguu wako wa kulia, na zaidi kwenye vile viti vitupu unavyozunguka navyo mji mzima.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme tenki lako ni la galoni 12. Senti 5 kwa kila galoni ni senti 60 tu. Lakini ukiendesha maili 5 kwenda na 5 kurudi, na gari yako inakwenda maili 25 kwa galoni, na galoni ni dola 3, umeshachoma dola 1 na senti 20. Yaani umetumia mara mbili ya ulichookoa. Kituo kikiwa njiani, sawa, simama ujaze. Kukifunga safari, hapana.

Sasa mguu. Idara ya Nishati ya Marekani inasema ukivuka maili 50 kwa saa, magari mengi yanaanza kula mafuta zaidi. Sisemi utambae kwenye I-10 watu wakupigie honi, lakini 65 badala ya 80 utaiona kwenye tenki. Kukanyaga kwa nguvu halafu kufunga breki ghafla nako kunakula: asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, 10 hadi 40 kwenye foleni. Na gari iliyosimama huku injini inaunguruma inaweza kunywa robo hadi nusu galoni kwa saa, hasa kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Kwa hiyo ile "natoka, dakika mbili tu" ya anti, ambayo sote tunajua ni dakika arobaini, unailipia wewe. Zima gari, ingia ndani, amkia watu, kunywa chai.

Lakini hayo yote ni madogo ukilinganisha na viti. Chukua harusi ya Jumamosi kule Pearland. Kutoka Katy, kwenye apatimenti zilezile, wanatoka watu sita kwa magari manne. Nenda-rudi, tuseme maili 60 kwa kila gari. Kwa gari zile zile za maili 25 kwa galoni, hiyo ni karibu dola 29 za mafuta. Wakipanda magari mawili, ni dola 14 na senti 40. Wakichanga, kila mtu anatoa dola 2 na senti 40. Soda moja tu hiyo!

Kwa nini hatufanyi? Nadhani ni aibu ya kutaja hela. Kwetu lifti ni undugu, na kumwambia mtu "changia mafuta" inaonekana uchoyo. Basi matokeo yake ni nini? Watu wanaficha viti vyao. "Mimi natokea kazini." "Mimi naondoka mapema." Na asiyejua kuficha, mara nyingi kijana wa chuo aliyepata leseni juzi, anageuka dereva wa ukoo. Kutoka Katy hadi uwanja wa ndege wa IAH, nenda-rudi, ni zaidi ya maili 70. Hiyo ni dola 8 na zaidi, bado hujalipa ushuru wa barabara. Safari tatu kama hizo kwa mwezi, kwa mtu anayefanya kazi jioni baada ya darasa, si mchezo. Anaanza kutopokea simu za wajomba. Hapo tumepoteza zaidi ya mafuta.

Najua kuna atakayesema, "Umdai shangazi yako hela ya mafuta? Umeshakuwa Mmarekani wewe." Hapana. Kuna safari hazina bei. Bibi anakwenda hospitali, hudai. Mgeni kafika juzi, hata kazi hana, hudai. Lakini mchango haukutoka Marekani, bwana. Sisi ndo watu wa michango! Harusi ina kamati, msiba una daftari, na kwenye bajeti ya kamati usafiri una mstari wake. Na wazazi wetu walikua wakibanana kwenye daladala na matatu, kila mtu na nauli yake mkononi, na hakuna aliyemwona konda mchoyo. Mbona tukifika huku mafuta ya shughuli ya watu wote yanamwangukia mmoja?

Mimi napendekeza anayepanda ndo aanze, asisubiri kuombwa. Huna hela taslimu? Lipia maegesho, au mletee dereva chakula. Na wewe dereva, kwa wakubwa lugha ya heshima ipo. "Shikamoo anti. Nakuja kukuchukua saa tisa, ila tutapitia sheli kwanza." Kama hukulijua neno hilo, sheli ni kituo cha mafuta, hata kama si cha Shell. Anti hilo neno analijua vizuri, na alipanda magari ya watu kabla wewe hujazaliwa. Ataelewa, na wengi watafungua pochi kabla hujazima injini.

Kwa hiyo harusi ijayo, kabla hujawasha gari peke yako, andika kwenye grupu: "Nani anatoka Katy? Nina viti vitatu, mafuta tunachanga." Utashangaa wangapi walikuwa wanasubiri mtu aseme.