Kodi umelipa kwa wakati, mbona paa bado linavuja?

Wenzetu wa Ulaya wakitafuta nyumba ya kupanga huuliza kwanza kama mtambo wa kupasha joto unafanya kazi, maana baridi ya huko haina mchezo. Kulesa hakuna anayeuliza habari za joto. Lipo bure, mwaka mzima. Huku swali ni paa. Februari hii, jua likiwaka, tundu la msumari kwenye bati ni kijinuru tu, unalala chali unakitazama. Aprili tundu hilo hilo linakujazia sufuria, godoro limesimamishwa ukutani na watoto wamekaa macho.

Tunaandika sasa kwa sababu masika huanza Machi, na wateja wengi wa Garsen, Kulesa na vijiji jirani wanapanga: walimu, wauguzi, wenye maduka, vijana waliofuata kazi. Kila mwaka malalamiko ni yale yale. Mwenye nyumba yuko Malindi au Mombasa, kila akipigiwa anasema "fundi anakuja", na fundi haji. Sisi ni watu wa malipo ya simu, si mawakili. Lakini tunaamini silaha kubwa ya mpangaji iko kwenye simu yake, na wengi wanaitupa kila mwisho wa mwezi.

Wanaitupa hivi. Anakuja kijana wa kukusanya kodi, anapewa noti mkononi, anaandika kitu kwenye daftari lake, anaondoka. Risiti hakuna. Siku utakapomwambia mwenye nyumba "mimi nalipa kila mwezi na wewe hutengenezi paa", atajibu kwamba ya Novemba hakuiona. Hapo mazungumzo ya paa yamekwisha, mnabishana kuhusu Novemba. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa uthibitisho una jina la aliyepokea, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Hata ukiufuta ujumbe, muamala unabaki kwenye rekodi na unaweza kuomba taarifa ya akaunti yako.

Mtasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ni kweli, tunapata ada ukituma. Basi lipa benki kama unapenda, au lipa taslimu udai risiti yenye sahihi. La muhimu ni alama ibaki.

Tunajua wengi wanasema dawa ya mwenye nyumba mkaidi ni kumzuilia kodi. "Hapati shilingi mpaka bati lipigwe." Inafurahisha kusikia, lakini tunaipinga. Ukizuia kodi, wewe ndiye unayegeuka mdaiwa. Sheria ya Kenya, Sura ya 293, inampa mwenye nyumba njia ya kukamata mali ya mpangaji mwenye malimbikizo, kupitia dalali mwenye leseni. Ulikuwa unadai paa, sasa unatetea televisheni. Lipa kodi yote, kwa tarehe, halafu dai kwa sauti ya mtu asiyedaiwa.

Na unachodai si hisani. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamfunga mwenye nyumba kwamba chumba au nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na watu mwanzo wa upangaji, na iendelee hivyo muda wote. Pale ambapo sehemu tu ya jengo inakodishwa, kama vyumba vya ploti, ni juu yake kutunza paa, kuta za nje na mitaro mikuu. Sheria hiyo hiyo inatambua upangaji wa muda mfupi hata ukiwa wa mdomo, kwa hiyo usikubali kuambiwa "sisi hatukuandikiana". Kama mliandikiana, usome mkataba kwanza kabla hujapiga simu.

Tutofautishe mambo mawili hapa, maana watu wa Tana River wameona maji ya kila aina. Mto Tana ukifurika, mara nyingi maji yametoka mbali, mvua ya Mlima Kenya na Aberdare, na mabwawa ya juu yakijaa. Hilo mwenye nyumba wako hawezi kulizuia. Msumari ulioachia bati anaweza. Tusimwachie auchanganye.

Lakini mafuriko yanahusika kwa jambo moja: muda. Masika ya 2024 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatwa na maji upande wa Gamba. Magari yakikwama, bati na misumari haziji, na ukizipata bei si ile. Fundi naye hapandi paa bichi. Kazi ya siku moja ya Februari, Mei inakuwa ya majuma.

Basi anza na ujumbe wa maandishi. Simu ya kuongea ni ya adabu, ipige, msalimie, muulize watu wa nyumbani. Ukikata, andika. Mfano:

"Shikamoo mzee. Ni mpangaji wako wa chumba cha 3 Kulesa. Kama tulivyoongea leo, paa linavuja juu ya kitanda na karibu na waya wa stima. Nakutumia picha. Kodi ya Februari nimelipa tarehe 3. Naomba fundi aje kabla ya tarehe 10 Machi, kabla mvua haijaanza."

Una tatizo, mahali, picha, uthibitisho wa kodi na tarehe. Hauna matusi. Ujumbe wa matusi siku moja utasomwa na chifu, na atakayeaibika ni wewe. Kama vyumba ni sita na vyote vinavuja, kila mmoja atume wake siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba anaweza kumpuuza mmoja mnung'unikaji; jumbe sita zikiingia kabla ya adhuhuri atauliza kuna nini.

Kuna wenye nyumba wa kweli kabisa ambao hawana pesa kwa wakati huo. Ploti yake ndiyo pensheni yake, na karo imemkaba. Huyo usimpige vita, mpe njia: fundi alipwe kutoka kwenye kodi. Hapa ndipo wateja wetu wengi huumia, kwa sababu wanatengeneza kwanza na kuelewana baadaye. Tuseme kodi ni Sh3,000 na fundi anataka Sh4,000, vifaa na kazi. Mtumie mwenye nyumba makadirio hayo, umwombe akujibu kwa maandishi: "Nimekubali, kata 2,000 Machi na 2,000 Aprili." Jibu hilo likifika ndipo umlipe fundi, kwa simu, kwa jina lake, wala usimpe yote kabla hajamaliza. Machi ukituma kodi ya Sh1,000, andika pia ujumbe kwamba zile 2,000 ni za paa. "Sawa" ya mdomo aliyoisema njiani akiwa Minjila haitakusaidia Mei.

Angalia pia namba. Msimu wa mashauri kama haya ndio wa jumbe za "nimebadilisha laini, kodi tuma hapa". Usitume mpaka umempigia kwa namba ile ya zamani, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiona jina geni, hata akisema ni la mkewe, simama.

Tarehe uliyoomba ikipita kimya, tuma ukumbusho mmoja, kisha nenda kwa naibu wa chifu au chifu na jumbe zako na taarifa ya miamala. Chifu si hakimu, hawezi kumlazimisha kununua bati. Lakini wenye nyumba wengi wanajali kuitwa barazani kuliko wanavyojali barua ya wakili. Kama kodi yako haizidi Sh2,500 kwa mwezi, Sura ya 296 ya sheria za Kenya imeunda jopo la kusikiliza mashauri ya wapangaji, na ukarabati ni miongoni mwake. Zaidi ya hapo kuna mahakama Garsen, na Sheria ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki zikifuata utaratibu wake. Uliza karani utaratibu huo kabla hujabadilisha simu. Simu kuukuu ikiuzwa na jumbe ndani, ushahidi umeuzwa nayo.

Na fundi akimaliza, mwagie paa ndoo mbili za maji kabla hajashuka ngazi. Pasipovuja, piga picha, mtumie mwenye nyumba na neno la asante, halafu mmalizie fundi pesa yake.